Uzito Kwanza, Kasi Baadaye

Wanyanyua vyuma wengi leo huanza na chuma kizito, wakipumzika dakika tatu au zaidi kati ya seti, kisha humalizia kwa mazoezi saidizi yanayofuatana mbio mbio. Mpango huu hunadiwa kama uvumbuzi wa juzi. Ukweli ni kwamba mikondo yake miwili ilizaliwa mbalimbali, na yote miwili ilisukumwa na uhaba zaidi ya nadharia. Mwaka 1945 Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani mjini Chicago, alichapisha matokeo ya kuwatibu askari walioumia viungo kwa mzigo mzito unaoongezwa hatua kwa hatua. Hospitali za vita zilikuwa zimefurika, hivyo kupona haraka kulikuwa na thamani yake. Mwanzoni aliagiza takriban seti 7 za marudio 10. Kufikia 1948, yeye na Arthur Watkins walikuwa wamezipunguza hadi 3. Punguzo hilo halisemwi sana, nami naliona kuwa fundisho kubwa kuliko lile la kwanza: mzigo ukiwa wa kutosha, seti za ziada zaweza kuleta uchovu zaidi ya faida.

Mkondo wa pili ulianzia Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1953. R. E. Morgan na G. T. Adamson walitaka wanafunzi wengi wafanye mazoezi pamoja kwa muda mfupi, wakatunga mzunguko wa vituo 9 hadi 12, mtu akitoka kimoja kuingia kingine bila kukaa. Katika miaka ya 1960 Bob Gajda, mtunisha misuli aliyekuwa Mr. America wa 1966, alipanga mazoezi ya mwili wa juu na wa chini yapokezane, ili msuli mmoja upumzike mwingine ukifanya kazi. Baadaye kocha Louie Simmons wa Columbus, Ohio, akaufanya unyanyuaji mzito kuwa sehemu ndogo ya kazi ya siku. Kilichobaki kilikuwa mazoezi saidizi ya mgongo, mapaja na mikono.

Mpinzani wa mpango huu atanitajia Bulgaria. Kocha wake wa kunyanyua vyuma, Ivan Abadjiev, aliyafuta karibu mazoezi yote saidizi, na timu yake ikatwaa dhahabu 3 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Hoja ni nzito, ila wanamichezo wale walichujwa tangu utotoni, walilishwa na dola, na kazi yao ilikuwa kunyanyua, mara kadhaa kwa siku. Tena katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, wanyanyuaji wawili wa Bulgaria walinyang'anywa dhahabu kwa dawa haramu, timu ikajiondoa. Mwingine atasema kasi huchosha na kuua nguvu. Huua kweli ikitangulia. Ikifuata, chuma kizito kimeshanyanyuliwa mwili ukiwa mbichi, na mfanyakazi mwenye saa moja jioni hapati njia nyingine ya kuingiza kazi yote hiyo.