Kichwa kilichowashinda mabingwa

Wadau, mwenye kipandauso anakijua kile kichwa kinachodunda utadhani mtu anatwanga kisamvu ndani. Basi mjueni Anne Conway, mwanafalsafa wa Uingereza aliyezaliwa 1631. Kilimwanza angali mtoto, kikamwandama hadi alipofariki 1679.

Waliomtibu si wa mchezo. Alikuwemo William Harvey, yule aliyeeleza mzunguko wa damu mwaka 1628. Mwaka 1656 bibi akavuka bahari kwenda Ufaransa akapasuliwe fuvu! Wapasuaji wa kule wakagoma, wakamfungua mishipa ya shingoni badala yake. Akarudi na kichwa kile kile. Mwaka 1666 akaletwa Valentine Greatrakes kutoka Ireland, aliyevuma kwa kuponya kwa kupapasa. Wagonjwa wengine walisema wamepata nafuu. Yeye wapi!

Daktari mwingine, Thomas Willis, alidhani maumivu ya aina hii yanatokana na mishipa ya damu kuvimba, na wazo hilo likatawala hadi karne ya 20. Siku hizi wataalamu wanaangalia zaidi neva na ubongo wenyewe.

Na katikati ya mateso hayo bibi aliandika kitabu cha falsafa. Kilichapwa Amsterdam mwaka 1690, bila jina lake.