MAMA ALIYEPATIKANA KWENYE KARATASI ZA SHAMBA (uzi, sehemu 1 hadi 8)

1.
Leo tuweke pembeni chanjo na uji wa lishe, leo ni historia. Nataka uone jinsi mtu aliyeishi karibu miaka 400 iliyopita, asiyeacha picha wala barua, anavyoweza kutafutwa mpaka akapatikana kupitia wosia na hati za ardhi. Nimemchagua mama mmoja, Mary Johnson, aliyeishi Virginia, Marekani, enzi hizo ni koloni la Waingereza. Alikuwa Mwafrika. Kaa vizuri, mnyonyeshe mtoto, twende taratibu.

2.
Sisi manesi wa wodi ya wazazi tunaandika sana. Mtoto akitoka tu, saa, uzito, jina la mama. Virginia ilianza kuandikisha vizazi vya jimbo zima mwaka 1853. Kabla ya hapo, ukimtafuta babu au bibi inabidi ufuate mali. Nani alipewa shamba, nani kauza, nani kafariki, ng'ombe kamwachia nani. Bahati nzuri Mary aliishi Northampton, wilaya ambayo kumbukumbu zake za mahakama zinaanzia 1632 na hazijakatika mpaka leo. Sehemu nyingine za Virginia karatasi ziliungua kwenye vita au moto wa kawaida, na watu wake wakapotea nazo.

3.
Tuanze na anayefahamika kidogo, mume wake. Kwenye orodha ya watu wa koloni ya mwaka 1625 kuna mwanaume anaitwa Antonio, Mweusi, aliyefika 1621. Yuko kwenye shamba la tumbaku la Bennett. Shamba hilo lilivamiwa na Wapowhatan Machi 1622, wengi wakauawa, yeye akapona. Kwenye orodha hiyo hiyo yupo Mary, mwanamke Mweusi, aliyefika 1622 kwa meli ya Margaret and John. Ukoo hawajaandikiwa. Umri, nchi, wazazi, hakuna.
Sasa miaka inapita, wanatokea Anthony na Mary Johnson. Utajuaje ni walewale? Mahakama ya Northampton mwaka 1653 iliandika kwamba wameishi Virginia zaidi ya miaka 30. Piga hesabu, rudi nyuma 30, unaangukia palepale 1621 na 1622. Hivyo ndivyo wanahistoria wanavyounganisha: karatasi moja pekee haitoshi, unatafuta ya pili ikubaliane nayo.

4.
Mwaka 1651 Anthony alipata ekari 250 karibu na kijito cha Pungoteague. Kwa nini 250? Koloni lilikuwa linatoa ekari 50 kwa kila mtu uliyemlipia nauli ya kuja. Watu watano, ekari 250. Mmoja wa hao watano aliitwa Richard Johnson, na mtoto wao mmoja aliitwa Richard!
Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa hiyo sikiliza. Mwaka wa hati ya shamba si lazima uwe mwaka ambao watu hao walishuka melini. Haki hizo za ekari 50 ziliuzwa, zikatunzwa, zikatumika miaka mingi baadaye. Pia soma mipaka ya shamba: mti mkubwa, kijito, shamba la fulani. Huyo fulani jirani ukimfuata, mara nyingi unamkuta ni mkwe, shemeji au shahidi wa wosia.
Na Mary? Kwenye hati hii hayupo. Mwenye shamba ni mume.

5.
Anatokea siku ya shida. Moto uliunguza mali yao, wakaomba nafuu mahakamani. Mwaka 1653 mahakama ikamsamehe Mary na binti zake wawili kodi, maisha yao yote. Kwa nini wanawake walidaiwa kodi? Sheria ya Virginia ya 1643 iliwatoza wanawake wa Kiafrika kama vibarua wa shambani, wakati mke wa Kiingereza aliyekaa nyumbani hakutozwa. Kwa hiyo mstari mmoja wa msamaha unakwambia mambo matatu: Mary alikuwa hai, alikuwa na mabinti wawili, na mpaka siku hiyo walikuwa wanahesabiwa tofauti na majirani zao.

6.
Jamani, ukitafuta ukoo lazima ukubali kukuta na yasiyopendeza. Mwanaume anaitwa John Casor, Mwafrika, alidai Anthony anamshikilia zaidi ya muda wa mkataba wake, akahamia kwa jirani. Mwaka 1655 mahakama ikaamua arudishwe kwa Anthony. Familia hii iliyotoka utumwani ilimshikilia mtu mwingine maisha. Nimeiandika makusudi. Anayesafisha historia ya ukoo anaacha watu nje, na John Casor naye alikuwa mtoto wa mtu.

7.
Miaka ya 1660 familia ikahamia Maryland, wilaya ya Somerset, wakakodi ekari 300, shamba likaitwa Tonies Vineyard. Anthony akafariki. Mwaka 1670 huko Virginia jopo likasema ardhi aliyoiacha inaweza kuchukuliwa na serikali, maana alikuwa Mweusi, kwa hiyo mgeni. Ni mtu aliyeishi huko zaidi ya miaka 40!
Mary hakukaa kimya. Akaandikisha upya ukodishaji wa shamba la Maryland kwa miaka 99. Mwaka 1672 akatoa wosia, akiwapa wajukuu zake wa kiume ng'ombe. Usiuone mdogo wosia huo. Ndio unaotuonesha vizazi vitatu kwenye karatasi moja: bibi, watoto, wajukuu. Mwaka 1677 mjukuu wake John akanunua ekari 44, akaliita shamba lake Angola. Bibi na babu hawakuandikiwa nchi walikotoka. Mjukuu akaiandika kwenye hati ya ardhi.
Ukisoma wosia wa zamani kumbuka: mtoto asiyetajwa huenda alishapewa fungu lake mapema. "Junior" anaweza asiwe mtoto wa "Senior", ni mdogo wake tu kiumri pale kijijini. Na mjane kisheria alikuwa na theluthi ya ardhi kuitumia mpaka afe, kwa hiyo mume alipouza shamba, mtafute mke akikubali mbele ya mahakama. Mara nyingi jina lake linaonekana hapo tu.

8.
Sasa lililonifanya niandike uzi huu. Mwaka 1662 Virginia ilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, baba awe nani. Baada ya hapo fungua wosia za matajiri wa Virginia uone. Ng'ombe jike anarithishwa "na uzao wake". Mstari unaofuata mwanamke anarithishwa, jina moja tu, "na uzao wake". Maneno yale yale. Mtoto ambaye bado hajatungwa ameshapewa mwenyewe.
Wajukuu wa wanawake hao leo wakitafuta bibi zao, inabidi wapitie wosia za waliowamiliki. Ndiyo njia iliyopo. Ndiyo maana ng'ombe wa Mary wana uzito. Yeye alikuwa upande wa anayetoa, mwanamke Mwafrika anayetaja wajukuu wake kwa hiari yake, kama bibi.
Wewe kalamu unayo. Leo chukua daftari la kliniki la mtoto, ukurasa wa nyuma, andika majina kamili ya bibi zake wawili, walikozaliwa, na mama zao waliitwa nani. Kama bibi yupo hai mpigie sasa hivi. Halafu niandikieni hapo chini, mmefika kizazi cha ngapi?