Kuni za Kebirigo na Vita vya Mbali

Apitaye Kebirigo kwa barabara itokayo Nyamira kuelekea Kericho, akachungulia kiwanda cha chai, huyaona magogo ya mikaratusi yamepangwa safu juu ya safu. Na ndani, mtia kuni hufungua mlango wa boila, akatumbukiza gogo, akaufunga upesi kabla joto halijamrudi usoni, nao mvuke ukaenda kukausha majani yaliyochumwa alfajiri.

Kuni hizi si ukale uliosahauliwa. Vingi vya viwanda vya wakulima wadogo wa Kenya zamani vilichoma mafuta mazito, vikayaacha kwa sababu ya ughali wake. Na asili ya ughali huo aghalabu i mbali sana na mashamba ya chai. Vita vya Waarabu na Israeli vilipozuka Oktoba 1973, na dola za Kiarabu zikawanyima mafuta marafiki wa Israeli, pipa lililouzwa kwa takriban dola 3 lilikaribia dola 12 katika muda wa miezi michache, na Kenya, ambayo haikuwa na kisima cha mafuta hata kimoja, ililipa sawasawa na wengine.

Tena, mbali na hofu ya mafuta, kulikuwa na hofu ya jirani. Kwa mapatano ya 1955 Kenya ilinunua megawati 30 za umeme wa maporomoko ya Owen, Jinja, nchini Uganda. Na Februari 1976, Rais Idi Amin wa Uganda alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni milki ya Uganda, ilidhihirika kwamba taa za Nairobi zilitegemea hisani ya mtu asiyeaminika. Naitakidi kwamba hofu hizi mbili zilitia haraka katika kazi iliyokwisha kuanza: bwawa la umeme la Gitaru likawa tayari 1978, na mwaka 1981 mvuke wa ardhi wa Olkaria ukatoa megawati 15 za kwanza.

Basi mafuta ghali yale yale yaliyoisukuma nchi kwenye umeme safi ndiyo yaliyovipeleka viwanda kama cha Kebirigo kwenye gogo, na hili hunihuzunisha, maana wakulima walijaza mikaratusi, miti inywayo maji mengi, hata mabondeni kwenye chemchemi. Mwaka 2009 Waziri John Michuki aliamuru ing'olewe kando ya mito. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha tena bei ya mafuta na gesi, wanawake wengi waliweka mitungi ya gesi kando wakarudia mafiga. Na mkaratusi, ukishakatwa, huchipua tena kisikini, hata lori la kuni likarudi kuufuata.