Ndege wa Bonde: Machi na Aprili, Nyamache

Fika alfajiri, kabla wachuma chai hawajaingia mashambani. Mvua za masika zinapoanza, mbayuwayu waliokuja kutoka Ulaya hujikusanya kwenye nyaya za umeme, wakila wadudu kwa pupa kabla ya safari ya kurudi kaskazini kuzaliana.

Ndege wenyeji hawaondoki. Sikiliza kwarara, ambaye sauti yake huamsha kijiji kizima. Kisha tazama chini, majini, umtafute korongo-taji. Utamtambua kwa ushungi wake wa dhahabu. Uganda wamemweka kwenye bendera yao. Kidole chake kirefu cha nyuma humwezesha kulala juu ya mti, jambo ambalo korongo wengi wa jamii yake hawawezi. Kiota, hata hivyo, hukijenga kinamasini, kati ya mafunjo.

Hapo ndipo penye hatari. Tangu 2012 ametajwa duniani kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka. Katika nyanda hizi za juu za Gusii, ambako ardhi ni haba, vinamasi hulimwa, na mikaratusi iliyopandwa ukingoni hunywa maji mengi.

Ukimwona akitembea na vifaranga, simama mbali, unyamaze. Ni bahati kubwa.