Bunduki Ndogo za Suhl na Chapa Zake

Miongoni mwa nyenzo za mwanahistoria vimo vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu: jembe, sarafu, kitasa cha mlango, bunduki. Kila kimoja kina maandishi yake, na anayejua kuyasoma hupata habari ambazo aghalabu hazikuandikwa katika vitabu. Katika makala haya tumechagua bunduki ndogo ya Kijerumani ya michezo, iliyotengenezwa baina ya Vita Kuu viwili. Wasomaji wetu wamezoea kusikia habari za bunduki za Kijerumani katika masimulizi ya Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907. Zile zilikuwa silaha za vita, nyingi zikiwa za aina ya mwaka 1871, zenye risasi nene ya milimita 11. Hii tunayoieleza ni ya ukoo mwingine kabisa: risasi yake ina kipenyo cha milimita 5.6 tu, na kazi yake ilikuwa kupiga shabaha ya karatasi.

Makao yake makubwa yalikuwa mji wa Suhl, katika vilima vya Thuringia, ambako wahunzi walifua silaha kwa karne nyingi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliipunguza Ujerumani ibaki na askari 100,000, ukabana vikali utengenezaji wa silaha. Hata hivyo bunduki ndogo za kulengea shabaha ziliendelea kutengenezwa kwa ajili ya vyama vya michezo, na viwanda vilivyokosa kazi vikazishika kwa mikono miwili. Ilipofika mwaka 1934 ilitolewa aina iliyoitwa DSM 34, yaani Deutsches Sportmodell, Mtindo wa Michezo wa Kijerumani. Umbo lake, mbao zake na vilengeo vyake viliigizwa bunduki ya jeshi, Mauser 98, hata kijana aliyejifunza kwayo asione jambo geni sana siku ya kuingia jeshini. Hilo neno "michezo" lilikuwa pazia jepesi sana.

Basi bunduki ya namna hii huTambuliwaje? Hapana budi kuanza na mihuri iliyopigwa juu ya chuma, na mingine hujificha chini ya mbao. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891, iliyoanza kutumika mwaka 1893, iliamuru kila bunduki ijaribiwe kwa baruti katika nyumba rasmi kabla ya kuuzwa. Iliyofaulu ilipigwa chapa za taji juu ya herufi: B kwa jaribio lenyewe, U kwa ukaguzi, G kwa kasiba yenye mifereji ndani yake. Mara nyingi ziliongezwa tarakimu za mwezi na mwaka, kama 436 kwa Aprili 1936. Kuanzia Aprili 1940 taji liliondolewa, pakawekwa tai juu ya herufi N. Kwa hiyo bunduki yenye taji ilijaribiwa kabla ya hapo, hata muuzaji akiapa kwamba imetoka katikati ya vita.

Baada ya kutambua ndipo huja kuthamini. Mthamini mwangalifu hulinganisha namba ya komeo na ile ya kasiba. Zisipolingana, bei hushuka. Hutazama ndani ya kasiba, kwa kuwa risasi za zamani ziliacha masizi yenye kula chuma. Rangi mpya na mbao zilizopigwa msasa hupunguza thamani kuliko mikwaruzo ya kweli. Chapa za chama cha Hitler hupandisha bei, na ndiyo sababu hughushiwa. Kwa maoni yetu bei hiyo ni kipimo kibovu, maana thamani kubwa zaidi imo katika jina la mtengenezaji.

Hebu tuzichukue bunduki tatu zilizotoka katika kiwanda kimoja cha Suhl. Ya kwanza imeandikwa Simson & Co. Ya pili ina herufi BSW. Ya tatu imeandikwa Gustloff-Werke. Asiyejua atadhani ni washindani watatu. Simson ilikuwa kampuni ya familia ya Kiyahudi, iliyoanzishwa mwaka 1856, na chini ya vizuizi vya Versailles ndiyo iliyoruhusiwa kuliuzia jeshi la Ujerumani bunduki zake. Wanazi hawakuvumilia kuona faida hiyo mikononi mwa Wayahudi. Mwaka 1935 Arthur Simson alikamatwa, akashurutishwa kutia saini hati ya kuacha mali yote. Aliyesimamia unyang'anyi huo alikuwa Fritz Sauckel, mkuu wa chama katika Thuringia. Familia ikakimbia mwaka 1936, ikapitia Uswisi hadi Marekani. Jina lao likaondolewa, zikabaki herufi BSW, za jina refu la "viwanda vya silaha na magari vya Berlin na Suhl". Kisha kiwanda kikapewa jina la Wilhelm Gustloff, kiongozi wa Wanazi katika Uswisi aliyeuawa Davos mwezi Februari 1936.

Wahunzi walikuwa wale wale, mashine zile zile, na mara nyingine hata mtindo wa bunduki haukubadilika. Kilichobadilika ni herufi chache juu ya chuma. Waraka wa mahakama unaweza kuchomwa moto. Bunduki zilikwisha kutawanyika katika nyumba za watu, haikuwezekana kuzikusanya zote na kulifuta jina la kwanza.

Mwezi Aprili 1945 majeshi ya Marekani yaliingia Suhl, na askari wengi walichukua bunduki ndogo kuwa kumbukumbu. Ndiyo sababu zinaonekana kwa wingi Marekani hata leo. Mwezi Julai Warusi wakaushika mji huo. Sauckel alinyongwa Nuremberg mwaka 1946. Baadaye, katika Ujerumani Mashariki, jina la Simson lilirudishwa juu ya bidhaa za Suhl, safari hii juu ya pikipiki ndogo, zilizoendelea kutengenezwa hadi mwaka 2002.