Safu ya Lugha: Tabiri, bashiri au kadiria?
Habari za afya siku hizi zimejaa sentensi kama hii: "Kipimo cha MRI kinatabiri kifo kwa wenye ugonjwa wa misuli ya moyo." Msomaji atadhani mashine imepiga ramli. "Tabiri" lina asili ya Kiarabu, ambako ni kufasiri ndoto. Kwetu ni kutaja jambo kabla halijatokea. "Bashiri" ni ndugu wa bishara, na asili yake ni kuleta habari njema, ingawa leo limehamia kwenye mikeka ya kamari ya mpira. Wodini halifai kabisa.

Picha ya moyo haipigi ramli. Eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, huonyesha moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu iliyojaa chumba chake cha kushoto. Ikiwa 35 au chini, daktari huweza kufikiria kupandikiza kifaa cha kuushtua moyo mapigo yakivurugika. MRI yenye dawa ya gadolini hufichua makovu ndani ya msuli, na wenye makovu wana hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla. Hatari si hukumu. Neno lake ni "kadiria", la ukoo mmoja na makadirio: kupima kwa dalili zilizopo, ukijua unaweza kukosea. Tuandike basi: "MRI husaidia kukadiria hatari ya kifo." Mtaniuliza, mbona tuna utabiri wa hali ya hewa? Huo umeshazoeleka, na ukikosea mtu analowa tu.