Yerushalayim: Je, Ni Mji wa Amani?

Mshairi anayetunga juu ya Yerusalemu hapiti mbali kabla ya kuuita "mji wa amani". Wahubiri nao husema hivyo hivyo. Katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu niliisikia fasiri hiyo kwa wanachuo wa dini zote, na kila mmoja aliitoa kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Si vibaya basi, wapenzi wa lugha, tukaipima.

Jina la Kiebrania ni Yerushalayim. Neno la Kiebrania lenye maana ya mji ni 'ir, nalo huanza kwa ayn, ile sauti ya kooni ambayo Kiswahili kiliidondosha kilipoazima elimu, asali na adui. Masikioni mwetu pengo hilo halisikiki. Kwa Mwebrania wa kale, ayn na yodi zilikuwa konsonanti mbili mbalimbali, na jina la mji huanza kwa yodi. Nusu ya kwanza ya fasiri yetu imekwisha kuanguka.

Mwaka 1887, huko Amarna nchini Misri, yaligunduliwa mabamba ya udongo yenye barua baina ya Farao na watawala wadogo wa Kanaani, za karne ya 14 K.K. Miongoni mwa watawala hao yumo Abdi-Heba, na mji wake unaitwa Urusalim. Wapo walioiona hapo uru, neno la Kisumeri la mji, wakafurahi. Lakini watu wa Kanaani hawakusema Kisumeri, na karani mwenyewe aliweka kwanza alama ya kujulisha kwamba kinachofuata ni mji, ndipo akaliandika jina silabi kwa silabi: u-ru-sa-lim. Tukumbuke pia kwamba barua hizo zilimtangulia Daudi kwa zaidi ya miaka 300. Jina ni la Wakanaani; Waisraeli walilikuta.

Maelezo yanayokubaliwa na wanaisimu wengi ni haya: sehemu ya kwanza hutoka katika mzizi y-r-h, kutupa au kuweka, unaotumika katika Ayubu 38:6 kwa kuweka jiwe la pembeni. Katika 2 Mambo ya Nyakati 20:16 mna jina lililoundwa vivyo hivyo, Yerueli, msingi wa El. Sehemu ya pili ni Shalim, mungu wa machweo. Maandishi ya Ugarit, mji wa kale wa Siria uliochimbuliwa kuanzia 1929, yanamtaja pamoja na pacha wake Shahar, mungu wa alfajiri. Yerushalayim, kwa hiyo, ni msingi wa Shalim.

Hata hivyo amani haiko mbali. Mzizi wa jina la Shalim ni sh-l-m, wenye maana ya kutimia, kuwa kamili, na ndugu yake wa Kiarabu, s-l-m, ndiye aliyetupa salama, salamu na lile jina la Dar es Salaam. Machweo ni siku iliyotimia. Hata kulipa deni kwa Kiebrania hutoka humo humo, maana deni likilipwa kilichopungua kimekamilika.

Mwisho wa -ayim nao una kisa. Kiebrania, kama Kiarabu, kina umbo la uwili: yadayim ni mikono miwili, kama Bahrain ilivyo bahari mbili. Ndiyo maana wapo waliotafuta Yerusalemu mbili, ya duniani na ya mbinguni. Mimi naona ni mabadiliko ya matamshi tu. Katika Biblia ya Kiebrania yodi hiyo ya pili imeandikwa mara chache mno. Sarafu za Wayahudi walioasi Roma zinaonyesha mabadiliko hayo waziwazi: za mwaka wa kwanza wa uasi, 66 B.K., hazina yodi hiyo. Za mwaka uliofuata zinayo. Zote zinauita mji mtakatifu, kwa mzizi ule ule wa Baitul Mukadasi.

Waliolifanya jina hili liseme amani ni washairi. Mtunzi wa Zaburi ya 122 anauombea mji shalom, akizirudiarudia sauti za sh na l hata jina na dua vikawa kama neno moja. Hiyo ni haki ya mshairi, mradi asimsingizie mwanaisimu. Ezekieli naye, katika 13:16, aliyaweka maneno hayo mawili pamoja, lakini kwa kuwakaripia manabii walioutabiria Yerushalayim shalom isiyokuwapo. Mwaka 586 K.K., au 587 kwa hesabu ya wengine, Wababeli waliuteketeza.